Mali ya Pamoja: Paa na Bustani ya Ghorofa ni vya Nani?

Wauzaji wa fleti, Dar es Salaam hata Nairobi, wanapenda kutaja "maeneo ya pamoja": bustani, ngazi, maegesho, kiwanja cha watoto. Ukipanga kujenga ghorofa itakayotumia umeme wa jua na kutunza miti yake kwa miaka mingi, istilahi hiyo haikufikishi mbali. Inayofaa ni mali ya pamoja.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaieleza dhana hii kwa njia ya kuondoa. Chukua kiwanja chote na jengo lake, toa kila nyumba iliyoonyeshwa kwenye mpango uliosajiliwa, na kinachobaki ni mali ya pamoja. Wamiliki wa nyumba wanaimiliki kwa hisa, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake, na chombo chao ndicho kinachoisimamia. Tanzania nayo ilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 2008, yenye chama cha wamiliki.

Eneo ni mahali pa kupita au kukaa. Mali ina mwenyewe, ina hesabu, inachakaa, na ikiharibika kuna anayedaiwa kuitengeneza. Bomba linalopanda ukutani, nyaya, pampu na inveta havijawa maeneo hata siku moja, lakini ndivyo vinavyolifanya jengo liishi. Pia masikio yetu yamezoea "eneo la wazi" la mipango miji, ambalo ni la umma. Bustani iliyo katikati ya fleti 20 si ya umma. Ina wenyewe 20, na tukiiita eneo tu, tunaifungulia njia ya kugeuzwa maegesho taratibu, gari moja baada ya jingine.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba kando ya korido ina ua nyuma, na wapangaji wote wanapika, wanafua na kuanika hapo. Kila mtu anajua zamu ya kufagia ni ya nani. Ila ua ule una mwenye nyumba mmoja wa kukata shauri. Ghorofa iliyouzwa vipande vipande haina mtu huyo, na pengo lake ndilo linalozibwa na sheria.

Paa ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi. Tuseme jengo la ghorofa tano lina fleti 20 na paa la zege la mita za mraba 400. Matangi ya maji, njia za mafundi na vivuli vinaweza kuchukua nusu. Kilowati moja ya paneli inahitaji takriban mita za mraba 5, kwa hiyo nafasi iliyobaki inabeba kilowati 40. Kwa jua la Dar es Salaam, kila kilowati huzalisha wastani wa yuniti 4 hivi kwa siku. Kwa kilowati 40 zikigawanywa kwa fleti 20, hizo ni yuniti 8 kwa siku kwa kila nyumba: zinatosha taa, feni, jokofu na televisheni, ila viyoyozi na jiko la umeme vitahitaji gridi. Paa la jengo refu ni lile lile kwa watu wengi zaidi, hivyo kila ghorofa inayoongezwa inapunguza fungu la kila mmoja.

Ningeanza na pampu. Kupandisha lita 12,000 za maji hadi kimo cha mita 20 hakuzidi sana yuniti 2 kwa siku, na kazi hiyo inaweza kufanywa yote saa sita mchana, jua likiwa kali, bila betri. Tangi lililojaa juu linakuwa ndiyo akiba ya jua. Ugomvi wa kila mwezi kuhusu nani anunue umeme wa LUKU wa pampu na taa za ngazi unapungua papo hapo.

Paneli zinaweza kudumu miaka 25 na zaidi, lakini inveta mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15. Fedha ya kuibadilisha lazima ianze kuwekwa tangu mwezi wa kwanza, pamoja na ya mtunza bustani. Neno "endelevu" linalobandikwa kwenye mabango ya miradi maana yake iko hapa: je, siku inveta itakapokufa, kuna akaunti, na kuna mwenye mamlaka ya kutia saini?

Basi mpangaji wa mradi aamue mapema, kabla ya rangi na vigae. Mpango unaosajiliwa uonyeshe paa lote nje ya nyumba yoyote, bustani vivyo hivyo, na mkataba wa mauzo uzitaje paneli kuwa mali ya pamoja. Mjenzi akiligawa paa na kuliuza pamoja na fleti ya juu kabisa, limetoka katika kile kinachobaki, na wamiliki wengine 19 watakaotaka jua lake itabidi wamwombe aliyelinunua.