Kobalti, Mpaka na Uhai wa Wananchi

Askari alindaye mpaka wa Busia au wa Malaba ana maswali mawili yasiyobadilika: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa upande wa Uganda, awe wa Tororo, wa Busia au wa vijiji vya Samia, hakuwa na haja ya kujibu maswali hayo. Safari yake ilielekea magharibi, kilomita 200 hivi hadi hospitali ya Mulago mjini Kampala, kulikokuwa na mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini. Mwishoni mwa Machi 2016 mashine hiyo iliharibika, isitengenezeke tena. Safari ikageuka. Aliyehitaji mionzi, na aliyekuwa na nauli, ilimbidi avuke mpaka na kuelekea mashariki hadi Nairobi.

Mashine iliyokufa ilikuwa ya kobalti. Historia yake yafaa ijulikane na kila askari, kwa maana ndani yake yamo mafunzo mawili yaihusuyo kazi ya ulinzi.

Kobalti ni madini ya kawaida, hayamdhuru mtu kwa mionzi. Ardhi ya Uganda yenyewe inayo. Shaba ya Kilembe, iliyosafirishwa kwa reli kupitia Tororo hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, ilichimbwa pamoja na mawe yenye kobalti, na mabaki ya mawe hayo yakarundikwa Kasese kwa miaka mingi kabla ya kiwanda kuanza kuyasafisha mwaka 1999. Lakini kobalti hiyo ikitiwa katika kinu cha atomiki hugeuka kuwa kobalti 60, nayo hutoa mionzi mikali ipenyayo nyama na mifupa. Wataalamu Glenn Seaborg na John Livingood waliigundua huko California, Marekani, katika miaka ya 1930.

Kabla ya hapo madaktari walikuwa na silaha dhaifu. Eksirei ilijulikana tangu 1895 na radiamu tangu 1898. Hata hivyo radiamu ilikuwa adimu na ya bei isiyosemeka, na eksirei za siku zile ziliunguza ngozi ya mgonjwa kabla ya kuufikia uvimbe uliojificha ndani ya mwili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, elimu ileile ya atomu iliyoteketeza Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 ikaelekezwa kwenye uponyaji. Kinu cha Chalk River nchini Kanada kikatengeneza kobalti 60 ya kutosha, na tarehe 27 Oktoba 1951 mgonjwa wa kwanza akatibiwa kwa mashine ya kobalti katika mji wa London, jimbo la Ontario. Siku chache baadaye mashine ya pili, iliyotayarishwa na Harold Johns na wenzake, ikaanza kazi mjini Saskatoon.

Namna ifanyavyo kazi si fumbo. Kobalti, iliyofungwa katika kikopo cha chuma chenye upana wa sentimita mbili hivi, hukaa ndani ya kichwa kizito cha mashine kilichozungushiwa risasi ya kuzuia mionzi. Wakati wa tiba kikopo husogezwa hadi penye tundu, mionzi hutoka kwa muda uliopimwa, kisha kikopo hurudishwa maficho. Mionzi hiyo huharibu chembechembe za saratani zisiweze kuzaana. Kwa kuwa haihitaji mitambo mingi ya umeme, mashine hii ilizifaa sana nchi changa.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma kabisa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ilianza tiba ya kobalti mwaka 1968. Uganda nayo ilikuwa imekwisha kupata jina duniani kwa njia nyingine. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, alieleza habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya saratani hapohapo Mulago, ikathibitisha kwamba uvimbe ule unatibika kwa dawa. Lakini saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowashambulia zaidi wanawake wa Uganda, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, kisu hakifai tena, na tegemeo kubwa ni mionzi. Mwaka 1995 Mulago ikapata mashine ya kobalti, msaada kutoka China.

Hapa ndipo lilipo funzo la kwanza. Kobalti 60 ni mlinzi anayezeeka hata akiwa amesimama tu. Kila ipitapo miaka mitano na miezi mitatu, nusu ya nguvu zake hutoweka, mashine ifanye kazi au ilale. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili atahitaji dakika nne, kisha nane, na foleni mlangoni hurefuka vivyo hivyo. Kikopo kisichobadilishwa kwa miaka 21 hubaki na sehemu moja tu kati ya 16 za nguvu zake za awali. Basi anayeipokea mashine ya kobalti huipokea pamoja na tarehe ya uzee wake. Jeshi halingojei bunduki ya mwisho ivunjike ndipo liagize nyingine; wala taifa halipaswi kuwa na mashine moja tu kwa wagonjwa wake wote.

Gharama ya kungoja ilionekana mpakani. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 wa Uganda bila malipo. Lakini wenye kuhitaji walikuwa maelfu, na tiba ya mionzi si ya siku moja. Huchukua majuma kadhaa. Mama wa Tororo alihitaji nauli, chakula na malazi ya ugenini, pamoja na mtu wa kumtunza. Asiyekuwa navyo alibaki nyumbani na maumivu yake.

Mpaka wenyewe haukuwekwa na wagonjwa hao. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki ya Busia, mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Kisha Waingereza wakausogeza mstari, na Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili. Saratani haikuuona mstari huo.

Nafuu ilikuja baada ya muda upatao miezi ishirini. Mashine mpya ya kobalti iliyotengenezwa India, Bhabhatron, ilipatikana kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikazinduliwa rasmi Januari 2018. Baadaye taasisi ikaongeza mashine za umeme zisizotumia kobalti.

Funzo la pili lawahusu askari moja kwa moja. Kobalti iliyochoka kwa tabibu haijachoka kuua. Mwishoni mwa 1983, mjini Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya kobalti iliyotelekezwa ghalani iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kobalti ikayeyushwa pamoja na vyuma vingine, ikawa nondo za kujengea nyumba. Haikujulikana mpaka Januari 1984, lori lililobeba nondo hizo lilipopita mbele ya kituo cha Los Alamos, Marekani, na vipima mionzi vikapiga kelele. Mwaka 2000, huko Samut Prakan, Thailand, waokota vyuma walifungua kichwa cha mashine kama hiyo. Watu watatu wakafa.

Busia na Malaba hupitisha malori usiku na mchana, na vyuma chakavu ni biashara. Askari aonaye chombo kizito kuliko umbo lake, au alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano, asikiguse wala asikifungue. Awaondoe watu, auzingire mahali hapo kwa mbali, na apeleke habari upesi kwa wakubwa wake, ili Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda, au Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia upande wa Kenya, lipate kuarifiwa.

Pia amkumbuke yule mgonjwa. Huenda anayejibu maswali mawili mpakani kwa sauti dhaifu, mkononi ana bahasha ya picha za hospitali, anahesabu siku. Kumpekua ni wajibu, na kutomchelewesha ni wajibu pia.