Bakuchioli si sawa na mafuta ya babchi

WAPENZI wa vipodozi vya asili wanaonunua mafuta ya mbegu za babchi wakidhani ni bakuchioli wanaweza kuungua ngozi juani, kwani bidhaa hizo mbili zinatofautiana ingawa zinatokana na mmea mmoja.

Bakuchioli hupatikana katika mbegu za mmea uitwao kitaalamu Psoralea corylifolia, ambao kwa Kisanskriti hujulikana kama bakuchi. Wanakemia wa India waliitenga kutoka katika mbegu hizo mwaka 1966.

Kiambato hicho ni antioksidanti, yaani hudhibiti kemikali haribifu zinazozalishwa katika ngozi kutokana na jua na moshi, ambazo huizeesha mapema. Aidha, hufanya kazi inayokaribiana na ya retinoli, aina ya vitamini A inayopunguza makunyanzi, ingawa kimaumbile haifanani nayo.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la British Journal of Dermatology mwaka 2019 uliwahusisha watu 44 kwa wiki 12. Baadhi walipaka bakuchioli ya asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, wengine retinoli ya kiwango hicho mara moja. Makunyanzi na madoa yalipungua katika makundi yote mawili, lakini waliotumia retinoli walilalamika zaidi kuchubuka na kuwashwa.

Hata hivyo, mbegu hizo zina pia psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi idhurike upesi na jua. Tiba ya jadi ya India huitumia sifa hiyo kutibu mbalanga, ili rangi ya ngozi irejee. Mafuta ghafi yanaweza kubaki na psoraleni, na anayejipaka kisha akatoka juani anaweza kupata malengelenge na kubakiwa na madoa meusi, tatizo lile lile alilokusudia kuliondoa. Bakuchioli iliyosafishwa vyema huondolewa kemikali hiyo.

Mnunuzi anashauriwa kusoma orodha ya viambato. Neno "Bakuchiol" humaanisha kiambato kilichotengwa, ilhali "Psoralea Corylifolia Seed Oil" ni mafuta ya mbegu.

Wajawazito hukatazwa retinoli, lakini usalama wa bakuchioli kwao haujathibitishwa kwa utafiti wa kutosha. Ni vema wamwone daktari kwanza. Kwa wengine, inafaa kujaribu kiasi kidogo mkononi kwa siku chache, kwani wapo waliopata mzio.