Punda Afe, Mzigo Ufike: Nani Alimvisha Farasi Nguo Pwani ya Tanga?

Wiki iliyopita binamu yangu aliyeko Uingereza alinitumia klipu WhatsApp. Kwao ni saa kumi na mbili asubuhi, bado giza, mvua ya manyunyu, na yeye yuko kwenye banda anamfunga farasi blanketi. Na si blanketi kama lile la kwako la kujifunikia, hapana. Ni koti kabisa. Lina vifungo kifuani, mikanda inapita chini ya tumbo, na kwa nyuma kuna kipande kinafunika mkia.

Nikaiweka status. Dakika kumi hazijaisha, watu wameshaanza. Mmoja: "Farasi kavaa kuliko mimi." Mwingine: "Hilo koti ni kodi yangu ya miezi mitatu." Nikacheka sana. Ila kuna dada mmoja wa Ngamiani aliuliza swali likanikaa kichwani: "Sasa huku kwetu Tanga farasi walikuwepo? Na nani alikuwa anawavisha?"

Kwa wale wageni, kwenye safu hii huwa tunawaongelea watu ambao historia haikuandika majina yao. Leo ni zamu ya saisi. Saisi ni mtu anayemtunza farasi: anamlisha, anamsugua, anamtandika, anamfunika. Binamu yangu hajui, lakini kazi yake ina jina la Kiswahili tangu zamani.

KWANZA, HILO KOTI LENYEWE

Nilimpigia nikamuuliza, hivi farasi ana manyoya, koti la nini? Akasema farasi mzima mwenye manyoya yake ya baridi wengi wao wanavumilia bila kitu. Wanaofunikwa ni walionyolewa kwa sababu ya kazi, wazee, wagonjwa, na waliokonda. Na kumfunika vibaya ni hatari kuliko kumuacha wazi.

Kuchagua wanafanyaje? Kwanza wanampima kwa kamba, kuanzia katikati ya kifua, kupita ubavuni, mpaka mwisho wa tako. Koti likiwa dogo linabana kifua na kunyoa manyoya ya bega. Likiwa kubwa linateleza, linaning'inia, farasi akilala na kuinuka mguu unanasa kwenye mkanda, na hapo ndipo mfupa unavunjika. Sehemu ya kuangalia kuliko zote ni ule mfupa uliochomoza pale shingo inapokutana na mgongo. Koti likilalia hapo siku nzima, kidonda. Kwa hiyo lazima mkono wako upite chini yake bila kulazimisha.

Halafu uimara. Uzi wa kitambaa cha nje wanaupima kwa namba. 600 ni la kawaida, 1200 kwenda juu ni la yule farasi mtundu anayejikuna kwenye kila ukuta. Lazima lizuie maji lakini liruhusu jasho kutoka, maana koti lililolowa ndani ni baya kuliko kukosa koti. Na kila siku unalivua, unapitisha mkono mwili mzima. Akaniambia, "Jicho linadanganya. Mkono haudanganyi."

Nikamuuliza, na wewe ulivaa nini baridi ya kwanza? Akanyamaza kidogo. "Sweta mbili za mtumba na koti la mvua la kuazima." Yaani anamfunga mwenzake koti la maana, yeye mwenyewe anatetemeka. Shikilia hiyo, tutairudia.

KUTANDIKA

Lugha yetu inachekesha. Neno tandika lina kazi tatu. Unatandika kitanda, unatandika punda, na ukizingua unatandikwa bakora. Matandiko ni shuka zako na pia ni vifaa vyote vya mgongo wa mnyama. Maana yake wazee wetu walichukulia mgongo wa mnyama kama kitanda. Ukiutandika vibaya, mtu halali.

Farasi pwani walikuwepo, ila walikuwa wa wakubwa. Unguja, kwenye jumba la Mtoni alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, watoto wa Sultani walijifunza kupanda wanyama wakiwa wadogo, na yeye mwenyewe aliyaandika maisha hayo kwenye kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Walikuwepo farasi, na walikuwepo wale punda weupe wakubwa kutoka Maskati. Mnyama kama huyo alikuwa gari la kifahari la enzi zile. Majina ya waliopanda tunayo. Waliokuwa wanaamka alfajiri kuwasugua hatuna.

Watu wa kawaida walikuwa na punda na shogi. Shogi ni mikoba miwili mikubwa iliyosukwa kama mkeka, imeungana katikati, inalalia mgongoni mwa punda, huku na huku inabeba mzigo. Hakuna chuma wala msumari. Uzito ukiwa sawa pande mbili, punda anatembea na wewe unapiga stori. Ukizidi upande mmoja, shogi inavuta na ngozi inachubuka.

ADUI SI BARIDI

Sasa kwa nini Tanga hatukuwa na farasi wengi? Jibu ni mdudu. Mbung'o akimuuma farasi anamwachia ugonjwa wa nagana. Farasi anakonda, damu inapungua, miguu inavimba, anakufa. Daktari David Bruce ndiye aliyeonyesha uhusiano wa mbung'o na ugonjwa huo, kule Zululand miaka ya 1890. Juu ya huyo kuna usubi, vile vidudu vidogo vya usiku, vinavyosambaza ugonjwa mwingine wa farasi ambao unaua haraka zaidi.

Kwa hiyo Pangani, ambayo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Umasaini na Kilimanjaro kutafuta pembe za ndovu, haikujengwa na farasi. Punda walikuwepo. Hata msafara wa Teleki ulioondoka Pangani mwaka 1887 ulikuwa na punda. Lakini mzigo mkubwa ulikwenda kwa kichwa na bega la binadamu. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, wiki hadi wiki. Wanyama wangepona na mbung'o, mpagazi asingehitajika kwa wingi ule. Mdudu mdogo kama nzi ndiye aliyeamua nani abebe.

1914 MPAKA 1916

Kila mtoto wa Tanga anaijua Vita ya Nyuki. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, askari kama 8,000, likashuka Ras Kasone, likapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa kama 1,000 tu. Nyuki nao wakaingia kazini. Hiyo stori tunaipenda, tunaicheka.

Ile tusiyoisimulia ni ya mwaka 1916. Jenerali Smuts alikuja na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Kikosi chake kikashuka kufuata mto Pangani na reli ya Usambara, na Julai 1916 Waingereza wakaingia Tanga. Kwenye ramani ni ushindi. Kwenye barabara ni mizoga. Farasi, nyumbu, ng'ombe na punda walikufa kwa maelfu kwa maelfu kwa nagana, kwa usubi, kwa njaa na kwa mvua. Wakubwa walijua kabisa kwamba nchi hii ina mbung'o. Waliwaingiza hivyo hivyo. Waliagiza wengine, nao wakafa.

Kuna picha ya enzi ya vita ile inaonyesha farasi mweupe aliyepakwa michirizi ya rangi ili aonekane punda milia. Walitaka kumficha na macho ya adui. Kumbe walikuwa wanakaribia jibu la swali ambalo hawakuuliza. Nitakuja huko.

Mnyama akifa, mzigo haufi. Ukahamia kwa watu. Ndipo vijana wakakusanywa kwenye kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na sisi kwa ulimi wetu tukasema Kariakoo. Ndiyo hiyo hiyo Kariakoo ya Dar unayoenda kununua viatu. Walibeba unga, risasi, na majeruhi. Wengi walitoka sehemu za joto wakapandishwa kwenye baridi ya milima, au walitoka milimani wakashushwa kwenye mabwawa ya malaria, na kifuniko chao ni blanketi moja jepesi, likilowa ndio limelowa. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakaribia 100,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara, nimonia, njaa na uchovu.

Hapa ndipo nilipoacha kucheka ile klipu. Jeshi lilikuwa na madaktari wa wanyama. Lilikuwa na hesabu ya farasi, maana farasi amenunuliwa, akifa ni hasara. Mpagazi hakununuliwa, kwa hiyo akifa anatafutwa mwingine. Wazee wana msemo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tulidhani unamhusu punda.

BABU NA KIDONDA

Ngoja niseme la nyumbani. Babu yangu alikuwa na punda Pangani, akibeba nazi na mifuko ya chokaa. Shogi yake ilipochakaa, mshonaji wa shogi alikuwa ameshafariki, na vijana hawakujifunza. Babu akatandika viroba vya nailoni vilivyokunjwa, akavifunga kwa kamba ya mkonge. Tanga mkonge si tatizo, tunao tangu mwaka 1893. Lakini kiroba kinateleza, hakinyonyi jasho, na kamba ya mkonge ikilowa inakwangua kama msasa.

Siku ya tatu palichubuka begani. Babu aliona. Lakini kulikuwa na mtu anajenga, chokaa inasubiriwa, na pesa ilikuwa ya ada ya mama yangu mdogo. Akaweka kitambaa juu ya kidonda, akaendelea. Baada ya wiki mbili kidonda kikaingia funza. Punda akafa.

Watu walikuja kumpa pole, wakasema mzigo ulikuwa mzito. Babu akasema, "Si mzigo. Mzigo alikuwa anauweza. Ni matandiko." Mpaka anafariki hakufuga punda tena, na hakuruhusu mtu aseme ule msemo mbele yake.

Kwa hiyo wewe mwenye mkokoteni wa punda, au unayemkodi, mambo ni yale yale ya binamu yangu. Kitu kinachogusa ngozi kiwe laini na kinyonye jasho, kama pamba nene au blanketi kuukuu. Kiwe kipana, uzito usikae sehemu moja. Mfupa wa mgongo usiguswe na kitu kigumu. Jioni vua vyote, pitisha mkono. Ukikuta pamoto, pamevimba au manyoya yamekatika, kesho hafanyi kazi. Kidonda hakifunikwi ili kazi iendelee. Kinapumzishwa.

KITAMBAA KINARUDI

Mwisho mzuri upo, na umetokea hapa hapa Tanga. Mji wetu una kituo cha utafiti wa mbung'o. Wengi tunapita tu hatujui kinafanya nini. Miaka ya 1990 walizalisha mbung'o hapo, madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakapelekwa Unguja kumwagwa kwa ndege. Jike akipandwa na dume kama huyo, hazai. Kabla ya hapo walitundika vitambaa vya bluu vyenye dawa, kwa sababu mbung'o anaipenda rangi ya bluu, anakuja kutua, anakufa. Kufikia mwaka 1997 Unguja ilikuwa haina mbung'o. Huku bara bado wapo. Ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja ilihangaika nao miaka mingi mpaka ikafungwa mwaka 2000, na leo eneo lile ni sehemu ya hifadhi ya Saadani.

Na ile michirizi? Mwaka 2019 watafiti walichapisha utafiti walioufanya Uingereza. Waliwavisha farasi makoti ya rangi moja na makoti yenye michirizi ya punda milia, wakahesabu nzi. Kwenye michirizi nzi wanaouma walitua wachache sana, walikuwa wanakuja mbio halafu wanashindwa kutua. Yaani koti sahihi la farasi wa huku kwetu halikuwa la sufu. Lilikuwa limevaliwa porini siku zote.

Nilimtumia binamu hayo yote. Akajibu kwa sauti, mvua inasikika nyuma: "Sasa najua mimi ni saisi." Halafu akaniambia mwezi huu amejinunulia koti lake mwenyewe, jipya, la kiume, linazuia maji. Amelipima mabega kwanza.

Nami nakuuliza, mdau: kwenu kuna mzee aliyewahi kuwa saisi, kusuka shogi, au babu aliyechukuliwa Kariakoo asirudi? Kama jina lake mnalo, liandike hapo chini kwenye maoni. Hata jina moja tu.