Sauti Bila Sura

Wengi hudhani kupiga stori na watu usiowajua, bila kuwaona, kumeanza juzi na Spaces. Kumbe ni mambo ya kitambo. Oktoba 1971, jarida la Esquire liliandika kuhusu vijana wa Marekani waliokuwa wakikutana kwenye laini moja ya simu kule Vancouver, Kanada. Ukijua ujanja wa kuingia, unawakuta wenzako ndani, maongezi yamenoga, na hakuna anayelipa. Kadhaa kati yao walikuwa vipofu. Mmoja, Joe Engressia, alizaliwa haoni, lakini akiwa bado mtoto aligundua kwamba akipiga mluzi unaotetema mara 2600 kwa sekunde, mitambo ya simu inamtii. Humo ndani kipofu hakuwa amepungukiwa na chochote. Wote walikuwa sauti tu.

Video ilipokuja, usawa huo ukavunjika. Chatroulette ilianzishwa 2009 na Andrey Ternovskiy, kijana wa miaka 17 kutoka Moscow. Unatazamwa sekunde mbili, sura haijapendeza, unarukwa. Uchafu nao ukajaa. Omegle, iliyoanza mwaka huo huo, ilifungwa Novemba 2023, baada ya kesi ya mwanamke aliyekutanishwa na mdhalilishaji humo akiwa na miaka 11.

Sauti ilirudi 2020 na Clubhouse, ila mwanzoni ilikuwa ya wenye iPhone pekee. Kwetu Kenya, Twitter Spaces ndiyo iliyowafikia wengi, na sauti hailambi bando kama video. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipozua maandamano, watu walikesha humo: wakili anafafanua vifungu, mtu wa mtaani anauliza itakuwaje bei ya mkate. Tarehe 5 Julai Rais William Ruto mwenyewe aliingia, akaulizwa maswali makali na vijana ambao hata geti la Ikulu wasingelipita.

Lakini kuficha sura si kinga. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Hata Engressia na mluzi wake alikamatwa, 1971. Sauti inakupa nafasi ya kusikizwa kabla hujahukumiwa kwa sura yako. Haichagui nani mwingine anasikiza.