Farasi wa Stubbs na Pundamilia wa Katavi

Katika nyika za Katavi, kuanzia Mpanda hadi mbuga za mto Katuma, ufugaji wa farasi haukustawi, kwa kuwa mbung'o, nzi mfyonza damu wa misitu ya miombo, humwambukiza mnyama huyo nagana, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu unaomkondesha hadi kufa. Hivyo sanaa ya kuchora farasi wa mashindano, iliyositawi Uingereza katika karne ya 18, haikuwa na mahali pa kuanzia mkoani humo. Bingwa wake, George Stubbs (1724–1806), alijifungia takriban miezi 18 kijijini Horkstow akipasua mizoga ya farasi, akichuna ngozi na kuondoa misuli tabaka kwa tabaka hadi kufikia mfupa, na mwaka 1766 akachapisha kitabu cha maumbile yao.

Kazi yake inayowagusa zaidi watu wa Katavi, hata hivyo, ni picha ya mwaka 1763 ya pundamilia jike aliyeletwa London kutoka Rasi ya Tumaini Jema na kutunzwa na Malkia Charlotte. Stubbs alimchora peke yake katika msitu wa Kiingereza, jambo la kusikitisha kwa mnyama wa kundi. Lakini aliuheshimu kila mlia, kiasi kwamba wataalamu humtambua kuwa pundamilia wa milimani, mwenye milia myembamba na tumbo jeupe, tofauti na yule wa Katavi, ambaye milia yake mipana huzunguka hadi tumboni. Pundamilia wa Katavi wangali wakinywa maji ya Katuma, ndani ya hifadhi iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974, ilhali picha ya yule jike wa Malkia imehifadhiwa New Haven, Marekani.