Kabla ya Big Bird kulikuwa na swali, na mtu akalipia swali

Wasee, siku hizi kila mtu ana maoni kuhusu watoto na simu. Huyu anasema skrini inaharibu akili ya mtoto. Yule anasema mtoto wa jirani alijua ABC kwa YouTube kabla afike PP1. Tunabishana weee, lakini hatuulizi: ni nani amewahi kulipwa akae na watoto aangalie nini hasa kinafanyika? Marekani waliuliza hilo zamani, wakati skrini ilikuwa televisheni.

Mwaka ni 1966, New York. Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi, ana wageni wa chakula cha jioni. Mmoja wao ni Lloyd Morrisett, mwanasaikolojia anayefanya kazi Carnegie Corporation, wakfu unaofadhili elimu na utafiti. Morrisett alikuwa ameona binti yake wa miaka mitatu akiamka mapema na kukaa mbele ya televisheni hata kabla vipindi vianze. Akauliza: hii kitu inaweza kumfundisha mtoto mdogo kweli?

Sikizeni kilichofuata. Carnegie haikusema chukua pesa utengeneze kipindi. Ilimlipa Cooney atafute jibu kwanza. Akazunguka Marekani na Kanada akiongea na wataalamu wa makuzi ya watoto, walimu na watu wa televisheni. Hiyo ndiyo pesa ya mbegu: ni kidogo, inatoka mapema, na hakuna anayejua kama itaota. Ripoti yake ilisaidia kufungua mlango wa pesa kubwa, kama dola milioni 8, kutoka Carnegie, Ford Foundation na serikali ya Marekani. Mwaka 1968 likaundwa shirika la Children's Television Workshop.

Vile walifanya kazi ndiyo inanibamba. Gerald Lesser, mwanasaikolojia wa Harvard, aliongoza vikao vilivyoketisha watafiti, walimu, waandishi na wasanii pamoja. Edward Palmer, mkuu wa utafiti, aliweka televisheni upande mmoja na projekta upande mwingine, picha zikibadilika kila sekunde chache. Mtoto akigeuza macho kuangalia projekta, basi hiyo sehemu ya kipindi imemboo. Hakuna kubembelezana.

Julai 1969 wakajaribu vipindi vitano huko Philadelphia. Wanasaikolojia walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na watu halisi, ati mtoto atashindwa kutofautisha ndoto na ukweli. Lakini watoto walipoona watu peke yao mtaani, macho yalihama. Timu ikaenda kinyume na ushauri, ikawaleta Big Bird na Oscar the Grouch waishi mtaani na watu. Tarehe 10 Novemba 1969, Sesame Street ikaingia hewani. Bila hayo majaribio, ushauri wa wasomi ungepita tu hivyo, na pengine kipindi kingekufa mapema.

Na hawakuishia kwa macho. Shirika lingine, Educational Testing Service, lilipewa kazi ya kupima kama watoto walijifunza kitu. Miaka mingi baadaye, 2015, wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine walilinganisha maeneo yaliyoshika mawimbi ya kipindi vizuri na yale yaliyoshika vibaya. Kwa watoto waliokuwa wadogo kipindi kilipoanza, wale wa mawimbi mazuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kwenye darasa linalolingana na umri wao.

Sasa turudi kwetu. Mimi natengeneza vidio, najua mchezo unavyoenda. Tunahesabu watazamaji, laiki, na dakika ambazo mtu amekaa. Yaani tumechukua projekta ya Palmer, tukaacha swali la pili. Programu inayomchagulia mdogo wako vidio inayofuata inajua ameangalia kwa muda gani. Kama amejifunza neno jipya, ama amekosa usingizi, si shida yake.

Ndiyo maana nasema pesa ya utafiti wa watoto na skrini isingojee mradi mkubwa wa mabilioni. Patia mwalimu wa PP1 wa Kayole, mwanasaikolojia wa chuo kikuu, mchora katuni na mtu wa programu pesa kidogo na mwaka mmoja. Waketi na watoto wetu, wanaochanganya Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani, wanaotumia simu ya mathe bando likiwa limebaki kidogo. Watuambie wameona nini, hata kama ni jibu ambalo sisi watengeneza vidio hatutalipenda.

Mtaniambia hakuna pesa, hata karo ni shida. Sawa. Lakini hata Marekani, zile milioni 8 zilikuja baadaye. Swali ndilo lililipiwa kwanza, na lilikuwa bei rahisi kuliko kipindi. Hapa kwetu, wakfu gani ama kaunti gani itakuwa ya kwanza kulipia letu? Wataje hapo chini, tuwatumie hii.