Mmea-mtungi (Nepenthes): ukuzaji wa nyumbani katika maeneo ya joto

Mmea-mtungi ni mmea wowote wa jenasi Nepenthes, ambayo hunasa wadudu kwa mitungi yenye majimaji inayoota kwenye ncha za majani. Jenasi hii ndiyo pekee katika familia ya Nepenthaceae, nayo ina spishi zaidi ya 160. Nyingi ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino. Upande wa magharibi zinafika Shelisheli na Madagaska, na upande wa mashariki zinafika Australia ya kaskazini na Kaledonia Mpya. Afrika bara haina spishi yake ya asili, ingawa mmea-mtungi wa kwanza kuelezwa katika maandishi ya Ulaya ulitoka karibu: Étienne de Flacourt, gavana Mfaransa, aliuandika ule wa Madagaska mwaka 1658. Kwa kuwa asili yake ni tropiki, mmea huu hustawi nje ya nyumba katika miji ya joto na unyevu, mradi upate spishi inayolingana na mahali na maji yasiyo na chumvi.

Umbo na unasaji

Mshipa wa kati wa jani hurefuka kupita bapa lake na kuwa kikonyo chembamba. Ncha ya kikonyo huinama, huvimba, kisha hufunguka kuwa mtungi wenye ukingo na kifuniko. Wengi hudhani kifuniko hujifunga mdudu anapoingia, lakini kikishafunguka hakifungi tena. Kazi yake kubwa ni kuzuia mvua isizimue majimaji ya ndani.

Sisimizi huvutwa na utamu unaotoka kwenye ukingo na chini ya kifuniko. Ukingo una vijifereji vingi sana. Ukilowa kwa umande au mvua hufunikwa na utando mwembamba wa maji, na miguu ya mdudu hukosa pa kushika. Katika spishi nyingi, sehemu ya juu ya ukuta wa ndani ina nta inayomzuia kupanda tena. Chini kuna majimaji yenye asidi na vimeng'enya. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alieleza mwaka 1874 katika hotuba yake mjini Belfast jinsi majimaji hayo yanavyoyeyusha nyama na ute wa yai. Mmea hupata humo nitrojeni na fosforasi ambazo udongo wake wa asili hauna. Mizizi yake imezoea ufukara huo, ndiyo maana samadi, mbolea nyingi na maji ya chumvi huidhuru.

Uchaguzi wa spishi

Wakuzaji hugawa mimea-mitungi katika makundi mawili, ya nyanda za chini na ya milimani, mpaka ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,000 hadi 1,200 hivi. Ya nyanda za chini hutaka mchana wa nyuzi 25 hadi 32 za Selsiasi na usiku usioshuka sana chini ya 20. Kundi hili lina N. ampullaria, N. rafflesiana, N. gracilis, N. mirabilis na N. bicalcarata, nalo ndilo linalofaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja.

Spishi za milimani hutaka usiku wa baridi, wa nyuzi 10 hadi 16 hivi. N. rajah, inayotoka Mlima Kinabalu na jirani yake Mlima Tambuyukon, hudhoofika polepole ikipelekwa pwani hata ikitunzwa vizuri, kwa sababu usiku wa joto huimaliza nguvu. Miji iliyoinuka kama Nairobi hulifaa zaidi kundi la milimani, mradi hewa isiwe kavu. Anayeanza hushauriwa kutafuta machotara ya N. ventricosa, ambayo huvumilia joto na baridi kiasi. Mimea-mitungi ya Amerika Kaskazini, jenasi Sarracenia, ni ya ukoo mwingine. Huhitaji miezi kadhaa ya baridi ili ipumzike, na bila hiyo huchakaa.

Mwanga na hewa

Mahali pazuri ni barazani au chini ya neti ya kivuli inayopunguza jua kwa nusu hivi. Jua la asubuhi halina madhara. La mchana hubabua majani. Mwanga ukipungua, majani huwa marefu na ya kijani kibichi sana lakini mitungi haitoki. Unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 80 unatosha. Upepo wa moja kwa moja kutoka baharini hukausha vikonyo na kuacha chumvi kwenye majani, kwa hiyo nyumba za ufukweni zinahitaji kizuizi cha ukuta au mimea mingine.

Udongo na maji

Udongo wa bustani haufai. Kinachotakiwa ni mchanganyiko mwepesi unaobaki na unyevu bila kutuamisha maji, kwa mfano sehemu mbili za usumba na sehemu moja ya vipande vya mkaa au mawe mepesi ya volkano. Usumba wa pwani unahitaji uangalifu. Makumbi ya kutengenezea kamba hufukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi kadhaa, nayo hufyonza chumvi nyingi. Hulowekwa kwenye maji ya mvua na kukamuliwa mara nyingi kabla ya kutumiwa.

Maji bora ni ya mvua au yaliyotoneshwa, yenye chumvi isiyozidi miligramu 50 hivi kwa lita. Maji ya visima vingi vya pwani hupita kiwango hicho mara nyingi. Kuyachemsha hakusaidii, maana maji hupungua na chumvi hubaki. Mvua za masika zikihifadhiwa kwenye tangi lililofunikwa husaidia wakati wa kiangazi. Chungu humwagiliwa kutoka juu hadi maji yatoke chini. Sahani ya maji yaliyotuama haihitajiki: huozesha mizizi na huzalisha mbu.

Chakula

Mmea uliowekwa nje hujitafutia wenyewe. Ulio ndani hupewa mdudu mmoja au wawili, kama nzige mdogo au sisimizi, katika mtungi mmoja kila baada ya wiki chache. Vipande vya nyama huoza na kuua mtungi. Majimaji yakimwagika wakati wa kusafirisha, hutiwa maji kidogo yaliyotoneshwa.

Kuzidisha

Shina lililorefuka hukatwa vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, majani yakapunguzwa nusu, kisha kipande hupandwa na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Mbegu, nyembamba kama nyuzi, ni vigumu kuzipata nyumbani, kwa kuwa mmea dume na mmea jike ni mimea tofauti na lazima ichanue pamoja. Pia hupoteza uhai haraka.

Matatizo

Dalili ya kwanza ya tatizo huonekana kwenye ncha ya kikonyo: hubaki ndogo, huwa nyeusi na kukauka badala ya kuvimba. Sababu huwa hewa kavu, mwanga hafifu, mbolea nyingi au kuhamishwa karibuni. Mitungi mizee kukauka ni jambo la kawaida, nayo hukatwa. Vidung'ata, wadudu weupe wenye unga kama pamba, hujificha kwenye makwapa ya majani. Huondolewa kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Upatikanaji

Spishi zote zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. N. rajah na N. khasiana ya India zimo katika Kiambatisho I, chenye masharti makali zaidi, na zilizobaki zimo katika Kiambatisho II. Mkuzaji hununua miche iliyooteshwa kitaluni, yenye vibali na cheti cha afya ya mimea. Mimea iliyong'olewa porini hufa kwa wingi, na biashara hiyo imepunguza sana baadhi ya spishi katika makazi yake ya asili.